Nyumba Iliyojengwa Kichwa Chini

Ndugu yangu Chande aliamini kwamba Mwenyezi Mungu ameumba vitu vya namna mbili tu: vyombo vya baharini, na mbao ambazo bado hazijawa vyombo. Akienda matangani hatazami wafiwa, anatazama boriti. Akiingia msikitini, wenzake wanatia udhu, yeye anachunguza mlango umeungwaje. Mimi ni dada yake mkubwa, Mwanasha, nimembeba mgongoni, kwa hiyo nina ruhusa ya kumsema. Pale Kinondo hapakuwa na fundi wa mashua wa kumfikia, wala hapakuwa na mbishi wa kumfikia, na miaka yote ile sikuweza kujua ufundi wake unaishia wapi na ubishi wake unaanzia wapi.

Mtoto wake alikuwa mmoja, Mbeyu. Mama yake alifariki Mbeyu akiwa bado ananyonya, nikamlea mimi, lakini mchana kutwa alishinda bandani kwa baba yake. Wenziwe wakicheza kombolela, yeye anasokota pamba ya kuzibia mashua. Akakua hivyo, msichana wa maneno machache na macho ya kupima. Akikukazia macho, unahisi kuna mahali umepinda.

Mwaka wa pili baada ya uhuru barabara ya kwenda Msambweni ilikuwa ikipanuliwa, na hiyo ndiyo iliyotuletea Matano. Kazi yake ilikuwa kuendesha greda, lile tingatinga refu lenye kisu tumboni, likipita barabara inabaki kama imepigwa pasi. Alikuwa kijana wa Kombani, mpole, mwenye swala zake, mrefu kama mnazi wa kizamani. Greda lake lilikuwa na kiu ya ajabu. Kila lilipofika karibu na kisima chetu lilikauka maji, na kila lilipokauka maji Mbeyu alikuwa kisimani. Mimi si mtoto mdogo. Nilijua kabisa nani ana kiu.

Kabla mwezi haujaisha mjomba wa Matano, Mzee Kavumbi, alikuja na wazee wawili kuleta posa. Kavumbi alikuwa mtu wa heshima zake, mnene, kanzu imepigwa wanga mpaka inalia akiketi. Alisema maneno mazuri sana, tena mengi. Chande alisikiliza huku anakwangua ukucha wake kwa kipande cha mbao. Sababu ya kukataa hakuwa nayo. Kijana ana dini, ana kazi ya serikali, kwao kunajulikana mpaka kwa babu wa babu. Basi akaikamata kasoro moja aliyoiona. Wafanyakazi wa barabara walilala mahemani, na mahema yalifuata barabara: leo Kinondo, kesho Msambweni, keshokutwa Mungu ndiye ajuaye.

"Hema si nyumba," akasema. "Mwanangu atalala chini ya paa lisilovuja, popote atakapolala mumewe. Siku Matano atakaponionyesha nyumba hiyo, mimi nitamwoza siku hiyo hiyo."

Wazee wakatazamana. Ilikuwa sawa na kumwagiza mtu maziwa ya kuku, maana nyumba gani hiyo inayofuata barabara? Kavumbi akaondoka amenuna. Chande akarudi bandani anapiga mluzi, na mimi nikamfuata nikamwambia kwamba anamwonea kijana wa watu. Akajibu kwamba ametaka paa tu, hajataka ghorofa.

Lakini mimi nilimjua. Chande alikuwa akiogopa. Asubuhi alikunywa chai na Mbeyu, adhuhuri alikula na Mbeyu, na akimaliza ubao mzuri alimwita Mbeyu aupapase kabla ya mtu mwingine yeyote. Mbeyu akiondoka angebaki na mimi, na mimi nasema sana. Nilimhurumia, ingawa sikumwambia, kwa sababu Chande ukimhurumia anakupa kazi.

Matano naye hakuwa mtu wa kununa. Siku chache baadaye tulisikia greda linanguruma, tukatoka nje. Nyuma yake lilikuwa likivuta trela, magurudumu mawili na fremu ya chuma iliyoota kutu, ambalo mzungu mmoja wa mashamba ya mkonge alikuwa amelitupa porini alipoamua kurudi kwao. Juu ya trela kulikuwa na rundo la plaiwudi. Kule Diani walikuwa wakijenga hoteli, Matano akawasawazishia uwanja siku yake ya mapumziko, nao wakampa mbao hizo pamoja na debe la gundi.

Akashuka, akamwamkia Chande shikamoo kwa mikono miwili, akamwomba kwa adabu kipande cha mchanga karibu na banda, apate kujenga nyumba yake ya kutembea. Angeweza kujengea kwao Kombani. Sijui kama aliomba pale kwa ujinga au kwa ujanja, na mpaka leo mwenyewe hasemi. Chande hakuweza kumnyima mgeni mchanga. Akamwonyesha mahali, akaingia bandani, akageuza mgongo.

Sasa, kila ubao wa plaiwudi ulikuwa mpana na mwembamba, lakini mfupi kuliko ile nyumba. Ukutani zilitakiwa mbao mbili zikutanishwe ukingo kwa ukingo, na paani vivyo hivyo. Kwa fundi hilo ni jambo dogo. Matano hakuwa fundi, alikuwa dereva. Alizisogeza mbao mpaka zikagusana upande huu, upande wa pili zikaachana. Akazisukuma upande wa pili, huku zikaachana. Mwishowe akachukua vipande vya bati la debe akavigongomelea juu ya nyufa, kimoja hapa kimoja pale, ukuta ukawa kama mgonjwa wa ndui.

Mimi nilikuwa nimekaa kibarazani nashona mkeka wangu, nikiunga ukili kwa ukili, na macho yangu yalikuwa kwa Chande. Nyundo ya Matano ikilia, tezo la Chande la kuchongea mbao linasimama. Alianza kwa kuchungulia kwenye upenyo wa makuti. Kesho yake alichungulia mlangoni. Halafu akawa anapita pale kila saa akielekea chooni, nikamuuliza kama tumbo linamsumbua. Siku Matano alipopitisha kidole chake kwenye ufa wa paa ili aone kama kinapita, na kikapita chote, Chande alitupa tezo akatoka mbio.

"Ondoka hapo," akamwambia. "Lete hiyo nyundo."

Nikajua yamekwisha. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Wakati wa chakula nilimuuliza kama anafahamu anachokifanya, kwamba kila ufa anaouziba ni mwanawe anamsogeza mlangoni. Akatafuna kwanza. Kisha akasema hafanyi kazi kwa ajili ya Matano, ila hawezi kukaa karibu na mbao zinazoteswa.

Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kubomoa kila kitu. La pili lilikuwa kuipindua nyumba. Chande hajawahi kujenga kitu kuanzia juu. Mashua huanza na sehemu ya chini, inayokutana na maji, na kwa nyumba, alisema, sehemu inayokutana na maji ni paa. Basi paa likawekwa mchangani, kuta zikapandishwa kuelekea mbinguni, na sakafu ikaachwa wazi juu. Watu wa Kinondo walikuja kutazama, wakashikilia mbavu. Bibi mmoja aliuliza kama maharusi watakuwa wakilala kama popo. Matano alisimama na kofia mkononi, na alipoambiwa ashike ubao akashika.

Ndani Chande alitia mataruma, zile mbavu za mti mgumu zinazoshika mashua, akayapanga kwa nafasi sawasawa kama alivyozoea. Mbao za plaiwudi zikalala juu yake, na viungo vikaangukia katikati, penye uwazi. Hilo halikumshughulisha. Mashuani mbao zinakutana hivyo hivyo ukingo kwa ukingo, na kinachozuia maji ni kalafati: pamba yenye mafuta inashindiliwa katika ufa kwa patasi butu na nyundo mpaka ufa umeshiba. Matano alithubutu kusema kwamba pengine ingefaa kupigilia upapi, ufito mwembamba wa mbao, kwa nje ufunike ufa. Chande alimtazama kama aliyetukanwa. Upapi kwake ni kiraka, na kiraka ni kukiri mbele ya watu kwamba umeshindwa.

Akachukua pamba, akaanza kushindilia. Kazi hiyo ilikuwa na sauti tamu, tulikuwa tukilala na kuamka nayo tangu utotoni, na safari hii sauti ikaharibika. Badala ya kulia ko, ko, ikalia pwa. Ukingo wa plaiwudi ulikuwa umefunguka. Mbao hizo, kumbe, zimegandishwa tabaka juu ya tabaka, na pamba badala ya kukaa katikati ya mbao mbili iliingia katikati ya tabaka za ubao mmoja, ukavimba na kuchanua kama chapati ya kusukuma iliyotolewa motoni. Chande akahamia kiungo cha pili, akapiga kwa upole zaidi. Kikachanua. Akahamia cha tatu akiwa na hasira, na hicho kilichanua hata kabla hajapiga vizuri.

Maneno aliyoiambia plaiwudi siku ile siwezi kuyarudia, nimekwisha kuhiji. Aliiita karatasi. Aliiita maandazi. Alisema mti ambao haukubali pamba haukuzaliwa msituni bali umetungwa ofisini. Kisha akakusanya vyombo vyake, akarudi kwenye mashua iliyokuwa ikimngojea, na hakutoka tena.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Nyumba ilikaa mchangani miguu juu, midomo wazi, kuku wakataga ndani yake. Na barabara ilikuwa inakwenda. Kambi ilikuwa imeamriwa kuhamia ng'ambo ya Msambweni mwezi ukiandama, na Matano hana budi kuhama nayo. Bila nyumba hakuna ndoa, na Mzee Kavumbi alikuwa amekwisha kutuma habari kwamba Kombani kuna wasichana wengine ambao baba zao hawana kichaa. Chande hakuhitaji kusema neno. Angekaa kimya bandani mpaka mwezi uandame, na angekuwa ameshinda, tena bila kuvunja ahadi. Nilimwona anavyopiga randa ubao ule ule mmoja kutwa, akiufanya mwembamba bila sababu, na nikajua kwamba naye amekwisha kuliwaza jambo hilo.

Asubuhi moja Mbeyu alimpelekea chai, na badala ya kuondoka akaketi juu ya gogo. Mimi nilikuwa nje ya makuti, na siombi radhi kwa kusikiliza.

"Baba," akasema, "mbao zile ni changa. Zinataka kupakatwa."

Chande akamuuliza ana maana gani. Akamweleza polepole, kwa maneno ya banda, kama alivyofundishwa. Ubao wa mashua ni mnene, unajitegemea, unaweza kukutana na mwenzake hewani ukazibwa kwa pamba. Huu ni mwembamba, ukiuacha hewani utacheza, na ukiupiga pamba utapasuka. Basi yale mataruma yasipangwe kwa nafasi sawa. Yasogezwe, mapana zaidi, kila kiungo kiangukie katikati ya taruma, mbao zote mbili zikae juu yake nusu kwa nusu, zipakwe gundi, zikazwe kwa parafujo. Pamba isitiwe hata kidogo. Kiungo kingeonekana kwa nje kama mstari wa penseli, na kiraka kisingekuwapo.

Ndugu yangu aliweka kikombe chini. Hakuwa na haja ya kufikiri kama ni kweli, fundi akiambiwa kweli ya mbao huisikia hapo hapo. Alikuwa akifikiri jambo jingine.

"Unajua ikiziba utakwenda?"

"Najua, baba."

"Na unataka izibe?"

"Nataka izibe vizuri."

Nilirudi kibarazani kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka, na mkeka una faida hiyo, mtu anaweza kuuinamia. Nilipoinua kichwa Chande alikuwa amekwisha kutoka na randa lake, anamfokea Matano kwa kuchelewa, na Matano hata hakuwa ameitwa.

Walifanya kazi ile wote watatu. Chande alikata kingo zilizochanua mpaka akafikia ubao mzima, kisha akazinyoosha kwa randa, mbao mbili kwa pamoja zimebanwa mgongo kwa mgongo, ili kasoro ya moja iwe kasoro ya nyingine na zikikutana zikubaliane. Matano alikoroga gundi. Usiku, kabla mataruma hayajasogezwa nyuma ya viungo, Mbeyu alishika taa ya mafuta ndani ya nyumba, baba yake akiwa nje ameweka jicho penye kiungo. Mwanga ukipenya, mbao zinatolewa zinarudi kwenye randa. Mwanga ulipenya mara nyingi mpaka Matano akaanza kuota ndevu. Kisha siku moja Chande akaweka jicho, akakaa, akasema, "Mbona umezima taa?" na Mbeyu kutoka ndani akajibu kwamba hajaizima.

Ungedhani yameisha. Lakini gundi ya debe Chande hakuiamini, kwa kuwa hakujua imetoka kwa mti gani wala kwa mnyama gani. Basi bila kumwambia mtu aliipaka nyumba mafuta ya papa, nje na ndani, kama ipasavyo mashua. Nani asiyeijua harufu ya mafuta ya papa? Mashuani inachukuliwa na upepo. Katika nyumba ya maharusi inakaa, inakuuliza habari ya nyumbani. Paka wa Kinondo wote walikuja, na wengine nadhani walitoka Galu, wakaketi wameizunguka nyumba kwa heshima kama watu wanaosubiri ubwabwa. Nilichoma udi mpaka kichwa kikaniuma. Matano alisema kwa upole kwamba pengine itapungua. Mbeyu ndiye aliyemwendea baba yake.

"Baba, mimi naolewa. Sipelekwi mnadani."

Chande akasema baada ya masika mawili hatutaisikia tena. Hiyo ndiyo ilikuwa radhi yake.

Basi akatumwa mtu Kombani, na Mzee Kavumbi akaja na wazee wake kushuhudia, kanzu inalia. Alipoiona nyumba iko kichwa chini, haina mlango wala dirisha, imezungukwa na paka, alitoa leso akafunika pua, akauliza ni kitu gani. Chande akamwambia ni nyumba, na kwamba madirisha hayatobolewi mpaka chombo kiape. Akaeleza kiapo chenyewe. Mashua mpya haishushwi baharini hivi hivi. Inajazwa maji ndani ikiwa bado nchi kavu, halafu fundi anaizunguka. Ikitoa tone, hairuhusiwi.

Kavumbi alisema kwa kadiri ya elimu yake mvua hunyesha kutoka juu, si kutoka ndani.

"Penye kutoka ndipo pa kuingilia," Chande akamjibu, akaagiza maji.

Wanawake tukajipanga kutoka kisimani, debe kwa debe, tukayamimina maji ndani ya nyumba. Kinondo nzima ilikuwapo. Maji yakafunika paa, yakafika kimo cha magoti, yakavipanda viungo vya ukuta. Kuta zikatoa sauti kidogo, kama mtu anayejinyoosha, zikanyamaza. Mzee Kavumbi alikuwa ametandikiwa mkeka upande wenye kivuli, chini ya ukuta. Nilimshauri asogee. Akasema hapo panamfaa.

Chande akaanza kuzunguka. Alivua kofia, akaweka kiganja juu ya kiungo, akakiburuta kutoka juu hadi chini, akakitazama kiganja. Kikavu. Akaenda kiungo cha pili. Alipiga magoti mchangani, akatia kidole chini ya pembe ya paa, akakitoa, kikavu. Akamaliza, na watu wakadhani atasema neno. Akaanza tena upya. Watu wakaanza kunong'ona. Mbeyu alisimama karibu na mlango wa banda ameshika ncha ya leso yake, Matano alikuwa mbali, hakuthubutu kusogea, na Chande alikuwa anazunguka nyumba ile kama mtu aliyedondosha pete.

Mimi nikamfuata. Uso wake sikuwahi kuuona hivyo, fahari na msiba mahali pamoja. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Chande, unatafuta nini?"

"Tone."

"Na ukilipata?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kipumbavu. "Nitaliziba," akasema.

Hapo mkono wake ukaanguka. Nadhani alijisikia mwenyewe alichokisema. Akavaa kofia yake, akaiweka sawa, akawageukia wazee, akatamka kwa sauti kama anavyotamka kwa mashua yoyote, neno ambalo ukishalisema huwezi kulirudisha:

"Haivuji."

Vigelegele vilipanda mpaka paka wakatawanyika. Kilichobaki kilikuwa kuigeuza nyumba isimame kama nyumba, na hilo, pamoja na hekima zote za siku ile, hakuna aliyekuwa amelifikiria. Wanaume wakashika upande mmoja. Siku hizo neno harambee lilikuwa limepanda cheo, linasemwa majukwaani na wakubwa waliovaa tai, lakini sisi tulikuwa tukivutia mashua kwa neno hilo tangu enzi za babu. Tukaliitikia, wakavuta. Nyumba ikainuka, ikasita, ikalala ubavu, na maji yote ya kisima cha Kinondo yakatafuta njia. Njia yake ilikuwa Mzee Kavumbi. Hakuumia. Aliondoka tu pale alipokuwa, yeye na mkeka wangu, akaenda kutua karibu na minazi, na wanga wote ukawa umetoka katika kanzu. Alikaa hapo akitweta. Kisha, Mungu ambariki, akaanza kucheka, akasema nyumba inayoweza kumbeba mtu kama yeye haina haja ya barabara.

Nyumba ikasimama mchangani, ikingoja kupandishwa juu ya trela, ambalo ndilo lingekuwa sakafu yake. Na sasa kila mtu aliona jambo ambalo Chande peke yake alikuwa akilifikiria. Ilikuwa sanduku zima, nyororo, viungo vyake mistari ya penseli, haina pa kuingilia. Kwa maisha yake yote ndugu yangu alikuwa ameziba. Hajawahi kutoboa chombo kizima kilichokwisha kuapa. Alikwenda bandani akarudi na msumeno na kipande cha mkaa, na watu wakamwachia nafasi.

Akamwita Mbeyu. Akamsimamisha, mgongo kwenye ukuta, kama alivyokuwa akimpima utotoni kwenye nguzo ya banda, akaweka kiganja juu ya kichwa chake, akaongeza upana wa vidole viwili kwa ajili ya mtandio, akachora mstari kwa mkaa. Halafu akamtazama Matano, akamtazama kuanzia miguuni, akaendelea kupanda, akaendelea, mpaka watu wakaanza kucheka.

"Na huyu?" akamuuliza mwanawe. "Atapitaje?"

"Atainama, baba," Mbeyu akasema.

Chande alicheka. Alicheka kweli, huku machozi yanamshuka mpaka ndevuni na hayafuti, akaweka msumeno juu ya mstari, akakata.